Sauti, Maandishi na Stara: Uhakiki wa Swali la Upendeleo katika Mazungumzo ya Kiswahili na Mashine

Ikisiri

Tafiti kuhusu programu za mazungumzo huuliza mara kwa mara iwapo mtumiaji huona afadhali kuandika au kusema, na jibu likishapatikana huchukuliwa kuwa sifa ya mtumiaji huyo au ya jamii yake. Makala haya yanalihakiki swali hilo kwa kuliweka katika mazingira ya Kiswahili. Kwa kuegemea mtazamo wa Mulokozi (1996) kwamba fasihi simulizi ni tukio, na kwa kutumia mifano ya utendi, elimu ya watu wazima kwa redio, kanga na adabu ya salamu, makala yanadai kwamba mzungumzaji wa Kiswahili hachagui kati ya njia mbili za kupitishia ujumbe uleule. Anachagua nani asikie, nani aone na nani aweze kukana. Aidha, inaoneshwa kuwa sauti inayotolewa na programu nyingi chimbuko lake ni maandishi yaliyosomwa, jambo linalotia dosari ulinganishi wenyewe.

Istilahi za msingi: sauti, maandishi, stara, usimulizi, akili unde, programu za mazungumzo

1. Katibu wa Weizenbaum

Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa taasisi ya MIT, Marekani, alichapisha maelezo ya ELIZA, programu iliyomjibu mtu kwa kumrudishia maneno yake katika umbo la swali. Mazungumzo yalipitia kwenye taipureta iliyounganishwa na kompyuta. Katika kitabu chake cha mwaka 1976, Weizenbaum anasimulia habari za katibu wake, ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa amemwona akiitengeneza programu hiyo na hivyo alijua vyema kwamba ni programu tu. Baada ya kubadilishana nayo sentensi chache, katibu alimwomba mkuu wake atoke chumbani.

Kisa hicho hurudiwa kama ushahidi wa wepesi wa binadamu kuipa mashine utu. Usomaji huo si wa kupuuzwa, lakini unaacha jambo jingine lililo wazi zaidi. Katibu aliona haya mbele ya mtu, wala si mbele ya mashine. Alichotaka kukificha kilikuwa kwenye karatasi, na mtu aliyesimama karibu angeweza kukisoma. Mtu huyo alipotoka, siri ilitimia. Lau ELIZA ingekuwa na masikio na mdomo, kutoka chumbani kusingetosha: ingebidi mlango ufungwe, na pengine aliyetoka aende mbali na ukuta. Tangu programu ya kwanza maarufu ya aina hii, basi, njia ya mazungumzo ilihusu mtu wa tatu kuliko ilivyowahusu wawili waliokuwa wakizungumza.

Mtu huyo wa tatu ametoweka katika sehemu kubwa ya tafiti zilizofuata. Baada ya Siri kuanza mwaka 2011 na Alexa mwaka 2014, sauti ilionekana kuwa ndiyo njia ya siku za usoni. Baada ya ChatGPT kufunguliwa kwa umma mwishoni mwa mwaka 2022, maandishi yalirudi kwa kishindo, kisha sauti ikaongezwa humo mwaka uliofuata. Swali likawa: watumiaji wanapendelea lipi? Sababu zinazotolewa ni zile zinazopimika kwa urahisi. Ya kwanza ni kasi. Ruan na wenzake (2016) walionesha kuwa kuingiza maneno kwenye simu janja kwa kusema kulikuwa na kasi takriban mara 3 ya kuandika, kwa Kiingereza na kwa Kichina pia. Nyingine ni ujuzi wa kusoma, na nyingine ni kama mikono ya mtumiaji imeshughulika au la.

Hata hivyo, pale ambapo kipimo kimetumika nje ya maabara za nchi tajiri, majibu yamegongana. Katika vijiji vya Gujarat, India, Patel na wenzake (2009) waliona kuwa watumiaji wa huduma ya simu walifanikiwa zaidi kwa kubonyeza tarakimu kuliko kwa kusema. Mwaka huohuo Sherwani na wenzake (2009), waliofanya utafiti miongoni mwa wahudumu wa afya wa jamii nchini Pakistani, waliona kinyume chake: kusema kulishinda kubonyeza. Tafiti hizo hazikulinganisha kuandika sentensi na kutamka sentensi, na haifai kuzibebesha hoja isiyo yake. Zinachothibitisha ni kwamba hata pale ambapo watumiaji wote wana kisomo kidogo, mdomo haushindi kila mahali. Kama elimu ndogo ingekuwa sababu ya kutosha ya kupendelea sauti, Gujarat na Pakistani zingetoa jibu moja.

2. Kuhusu 'watu wa usimulizi'

Swali hili linapoletwa Afrika Mashariki huja na jibu lake mkononi. Jamii za Kiafrika, inasemwa, ni jamii za usimulizi. Kwa hiyo mashine ya kuwahudumia iwe ya kusema na kusikia. Kauli hii ina mvuto kwa sababu inaonekana kuuheshimu utamaduni. Inatumiwa na wabunifu wa huduma, inatumiwa na wafadhili, na wakati mwingine inatumiwa na wanafasihi wenyewe, ambao wamefundisha fasihi simulizi kwa miongo kadhaa na wanafurahi kuona somo lao limepata matumizi. Dhana ya Ong (1982) ya usimulizi wa awamu ya pili, yaani usimulizi wa redio, simu na televisheni unaosimama juu ya misingi ya maandishi, mara nyingi huitwa kuja kuikamilisha.

Kwa Kiswahili kauli hiyo ni ya nusu ukweli, na nusu inayokosekana ndiyo yenye uzito. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, unaanza kwa mama kumwita binti yake aje na wino na karatasi. Mlango wa utendi ni sauti, na kitu cha kwanza sauti hiyo inachoomba ni vifaa vya kuandikia. Kilichoandikwa kwa hati ya Kiarabu kikaghaniwa, kikahifadhiwa vichwani, kikasikilizwa na wanawake waliojua kusoma na wasiojua. Kuuita utendi huo fasihi andishi ni sahihi. Kuuita simulizi kuna ukweli wake pia. Kumuuliza mwanamke wa Lamu iwapo aliupendelea kwa njia ya maandishi au ya sauti ni kumuuliza swali lisilo na mahali pa kukaa.

Mfano wa karibu zaidi ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 nchini Tanzania, iliyowashirikisha watu wapatao milioni 2. Redio ilikuwa sauti, na hiyo ndiyo sehemu inayokumbukwa. Lakini vikundi vilivyokutana kusikiliza vilikuwa pia na vitabu vyao na kiongozi wao. Kipindi kikisikilizwa, matini ikisomwa kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma, kisha mjadala, kisha uamuzi wa kuchimba choo au kufyeka nyasi. Sauti ya redio haikujibizana na mtu. Aliyejibizana na watu ni jirani yao aliyeshika kitabu. Wanaotaja redio kama ushahidi kwamba Mtanzania ni mtu wa kusikia tu wamemsahau jirani huyo.

Hapa mtazamo wa Mulokozi (1996) unasaidia kuliko ule wa Ong. Mulokozi anaieleza fasihi simulizi kuwa ni tukio linalofungamana na muktadha wa kijamii na kutawaliwa na mwingiliano wa fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Katika orodha hiyo mdomo ni njia tu. Ukimpa mtu mashine inayosema, umempa sehemu moja ya fani. Hadhira, mahali na wakati vinabaki vile vilivyokuwa chumbani kwake, na ndivyo vitakavyoamua kama atafungua mdomo.

3. Stara ya masikio na stara ya macho

Kama kuna kitu katika utamaduni wa Waswahili kinachofundisha jinsi mtu anavyochagua kati ya kusema na kuandika, ni kanga. Beck (2001) ameichambua kanga kama chombo cha mawasiliano ambacho nguvu yake inatokana na utata wake. Mwanamke aliyejifunga kanga yenye jina Hasidi hana sababu akapita mbele ya jirani hajasema lolote. Jirani akilalamika, jibu liko tayari: nguo hii nimeinunua dukani kama wanavyonunua wengine. Maneno hayohayo yangetoka mdomoni, ugomvi ungekuwa umeanza, na mashahidi wangekuwapo wa kueleza nani alimwanza nani. Maandishi katika kanga yako wazi kwa kila mwenye macho, makubwa, yamechapwa kwa maelfu. Hayafichi ujumbe hata kidogo. Kinachofichwa ni msemaji.

Mfano huu unavuruga mazoea ya kufikiri kuwa maandishi ni ya faragha na sauti ni ya hadharani. Yapo mambo 3 ambayo mzungumzaji wa Kiswahili huyapima: nani atasikia, nani ataona, na iwapo yeye mwenyewe ataweza baadaye kusema hakusema. Sauti na maandishi hubadilishana nafasi kulingana na jibu. Kanga huonwa na wote na kukanika kabisa. Barua, ambayo wahenga waliiita nusu ya kuonana, huonwa na mmoja na haikaniki. Mnong'ono husikiwa na mmoja, hauonwi na mtu, na hukanika. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ulioanza mwaka 2013, umeleta kiumbe kipya: ni mnong'ono usiokanika, kwa kuwa sauti ya mtu inajulikana na ujumbe unaweza kutumwa kwa kundi zima kabla aliyeusema hajaweka simu chini.

Programu za mazungumzo zimeingia katika mpangilio huo, si mahali patupu. Huduma ya PROMPTS ya shirika la Jacaranda Health nchini Kenya hupokea maswali ya wajawazito na waliojifungua kwa ujumbe mfupi wa simu na kuwajibu kwa njia hiyohiyo. Shirika hilo ndilo lililotoa mwaka 2023 modeli ya lugha ya Kiswahili iitwayo UlizaLlama. Sababu ya kutumia ujumbe mfupi haihitaji nadharia: simu ndogo ya vitufe inauweza, na intaneti haihitajiki. Kwa hiyo asiandike mtu kwamba mama wa Kenya anapendelea maandishi kwa kuwa ameuliza kwa maandishi. Aliulizia pale palipofunguliwa mlango. Lakini mlango huo una faida ambayo haikuwamo katika hesabu za kiufundi. Chukuliwe mfano wa kubuni wa mwanamke anayeishi chumba na sebule pamoja na mama mkwe, akitaka kujua kama damu anayoiona ni ya kawaida. Kwa sauti, swali hilo halina mahali pa kuulizwa mchana kutwa. Kwa maandishi, linaulizika akiwa amekaa mkekani pamoja na anayemficha.

Kisha simu inawekwa mezani, na hapo hesabu inageuka. Simu za kuazimana ndani ya nyumba ni jambo la kila siku. Mume huomba simu ya mkewe apige, mtoto huichukua acheze. Swali lililosalimika na masikio sasa liko mbele ya macho, pamoja na jibu lake, pamoja na saa lilipoulizwa. Kilichotamkwa kimekwenda na upepo, angalau kwa wanaoishi naye, ingawa huenda kimehifadhiwa kwenye seva ambayo hatawahi kuiona. Mwanamke huyu huenda akaandika swali, akasoma jibu, akafuta vyote viwili, na akiulizwa na mtafiti anapendelea nini atataja kimojawapo, kwa adabu, ili mahojiano yaishe. Hakuna kisanduku katika dodoso kwa ajili ya mtu anayeandika kwa sababu ya mkwe na kufuta kwa sababu ya mume.

Inaweza kupingwa kwamba haya ni masuala ya faragha, ambayo watafiti wa mawasiliano ya watu na mashine wameyajua siku nyingi. Ni kweli wameyajua, lakini faragha wanayoizungumzia kwa kawaida ni ya mtu dhidi ya kampuni au dola inayokusanya taarifa zake. Stara ni jambo jingine. Stara ni ya watu wanaojuana, na haidai kwamba jambo lisijulikane, inadai lisitajwe. Mama mkwe anaweza kujua kila kitu na bado stara ikatimia, mradi hakuna aliyelazimika kulisikia likisemwa.

4. Umri wa sauti

Maandishi ya mashine hayana umri. Sauti inao. Tofauti hii, ambayo katika lugha nyingine huenda ni ndogo, katika Kiswahili inagusa neno la kwanza kabisa la mazungumzo. Kijana anayeanza kuzungumza na sauti inayosikika kama ya mtu mzima, akilelewa palipo na desturi ya shikamoo, yuko mbele ya uamuzi ambao aliyebuni sauti hiyo pengine hakuufikiria. Akiamkia, ameipa mashine cheo cha mzazi. Asipoamkia, ameikosea adabu sauti ya mtu mzima, na ingawa anajua kuwa hakuna mtu, wanaomsikia hawasikii kutokuwapo kwa mtu. Wanasikia mtoto wao akiagiza bila salamu. Programu ikijibu Marahaba, kama baadhi zinavyofanya zikiandikiwa, imekubali cheo. Katika maandishi neno hilo huchekesha, na watu hulijaribu kwa ajili ya kuchekesha. Kwa sauti mzaha huo hupungua.

Baada ya salamu ni amri. Kiingereza cha programu za sauti kimezoea kuita jina kisha kutoa agizo. Mashine huamshwa kwa kutajwa jina lake, nayo hukaa ikilisubiri. Ni hodi iliyopinduliwa, ambapo mwenye nyumba ndiye anayebisha na mgeni ndiye anayeitika. Kiswahili kina ngazi nyingi kati ya Washa taa, Niwashie taa, Uniwashie taa na Naomba uniwashie taa. Kauli ya kutendea na hali ya dhamira tegemezi humwezesha msemaji kuishusha amri hadi ifanane na ombi, na anayezitumia ngazi hizo anatangaza uhusiano wake na anayeambiwa. Katika kuandika, ngazi hizo hufupishwa bila lawama, kwa kuwa desturi ya ujumbe mfupi imeshaliruhusu hilo. Mtu anayemwandikia mjomba wake Nitumie na ya kutolea hajamvunjia heshima; angeyasema hayo ana kwa ana bila kuuliza hali ya nyumbani, angekuwa amevuka mpaka. Kwa hiyo mtumiaji anayeandika huenda hakimbilii wepesi wa vidole, anakimbia mzigo wa adabu. Na mwingine anayesema huenda anafanya hivyo kwa sababu ameupata mtu wa kuagiza bila gharama, jambo ambalo wazazi wana haki ya kulitilia shaka.

Suala la jinsia limeshughulikiwa zaidi. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2019 ilikosoa desturi ya kuzipa programu za msaada sauti za kike kama chaguo la kwanza, kwa hoja kwamba inaimarisha taswira ya mwanamke mtiifu asiyejibu hata akitukanwa. Ukosoaji huo unahamishika hadi Kiswahili bila shida. Kinachoongezeka ni kwamba Kiswahili hakitofautishi mume na mke katika viwakilishi wala viambishi vya nafsi. Programu inayoandika Kiswahili inaweza kuongea na mtu mwaka mzima bila sarufi kuilazimisha kuwa mume au mke. Siku inapopewa sauti, inalazimika. Jinsia ya mashine ya Kiswahili, tofauti na ile ya lugha zenye jinsia ya kisarufi, huletwa na sauti peke yake. Basi kuwataka watumiaji wachague kati ya sauti na maandishi, bila kutaja hili, ni kuwauliza mambo mawili kwa pamoja.

5. Sauti iliyosomwa

Hadi hapa imechukuliwa kwamba chaguo la sauti lipo kweli. Dai hilo nalo linahitaji kuhakikiwa, kwa sababu njia mashine zilivyojifunza kusikia Kiswahili inajulikana. Google iliongeza Kiswahili katika huduma ya kuandika kwa sauti mwezi Agosti 2017. Mradi wa Common Voice wa Mozilla, ambao umekuwa chanzo kikubwa cha wazi cha sauti za Kiswahili, ulijengwa juu ya utaratibu rahisi: mtu anayejitolea huoneshwa sentensi iliyoandikwa, huisoma, na mwingine husikiliza na kuthibitisha kuwa imesomwa sawasawa. Mradi huo baadaye ulianza kukusanya pia majibu ya papo kwa papo, lakini msingi wake ni usomaji.

Matokeo yake kiisimu si madogo. Mtu wa Mombasa akisoma sentensi yenye neno njia husema njia, ingawa nyumbani kwake ni ndia. Mpumuo unaotofautisha paa la nyumba na paa wa mwituni katika lahaja za kaskazini hauoneshwi katika othografia sanifu, na msomaji makini anayelitazama neno bila muktadha wa kutosha huenda akaupoteza. Vishikizi vya mazungumzo, yaani ehe, naam, enhe, ndiyo hivyo, ambavyo bila hivyo msikilizaji wa Kiswahili hudhaniwa kuwa amelala, havimo katika sentensi za kusoma. Wala haumo ule mzunguko wa kuomba radhi na kujuliana hali unaotangulia jambo zito. Msemaji anayeuzunguka mbuyu hunyamaza kidogo kabla ya kulitaja jambo lenyewe, na kunyamaza huko ni sehemu ya kauli yake. Programu nyingi za sauti hukichukulia kimya kifupi kuwa ni dalili kwamba msemaji amemaliza. Hivyo hujibu salamu, na swali lenyewe halijaulizwa.

Upo pia upotevu unaotokea njiani. Mpangilio ambao umetumika zaidi ni kubadili sauti kuwa maandishi, kuyapeleka maandishi kwa modeli ya lugha, kisha kuyasoma majibu kwa sauti ya kutengenezwa. Kiswahili huweza kutofautisha swali na taarifa kwa kiimbo pekee: Dawa umemeza inaweza kuwa taarifa, swali au lawama. Anayeandika bila alama ya kuuliza hupoteza tofauti hiyo kwa hiari yake. Anayesema ameitamka, lakini mfumo unaiacha pale sauti inapogeuzwa herufi. Katika kurudi, neno barabara linaweza kusomwa kwa mkazo wa njia ya magari mahali palipokusudiwa kusema vizuri kabisa, na msikilizaji hana karatasi ya kumsaidia kuamua. Programu mpya zinazochakata sauti moja kwa moja zinaondoa baadhi ya matatizo haya. Haziondoi lile la kwanza, kwamba zinahitaji Kiswahili kilichozungumzwa ili zijifunze, na kilichokusanywa kwa wingi ni Kiswahili kilichosomwa.

Kwa hiyo mtafiti anayempa mtumiaji wa Kiswahili njia mbili na kupima anayoirudia mara nyingi analinganisha maandishi na aina nyingine ya maandishi. Mtu aliyekatizwa mara 3 katikati ya sentensi, akaambiwa arudie, kisha akarudi kwenye vitufe, ataingia katika jedwali kama aliyependelea kuandika. Na aliyebaki na sauti huenda ni yule aliyejifunza kuzungumza na mashine kama anayesoma: polepole, bila lahaja, bila kumung'unya. Wote wawili wamefanya kazi ambayo jedwali haliioni.

6. Ile hela

Watumiaji wa simu nchini Tanzania wanaufahamu ujumbe mmoja mfupi wa kitapeli, ule unaomwambia anayeupokea kwamba ile hela aitume kwenye namba hii. Kifasihi ni matini ya kustaajabisha. Hauna salamu, hauna jina, hauna umri wala jinsia, na kionyeshi ile kinadai kuwapo kwa mazungumzo yaliyotangulia ambayo hayakuwapo. Unafaulu pale unapofaulu kwa sababu mpokeaji anaijaza nafasi ya msemaji kwa mtu anayemjua: mdogo wake aliyeomba ada, fundi anayedai malipo. Ni maandishi yasiyo na mwenyewe, na watu wamejifunza dawa yake. Kabla ya kutuma chochote, piga simu usikie sauti yake.

Ushauri huo umebeba nadharia kamili ya tofauti kati ya sauti na maandishi, nayo si nadharia ya upendeleo. Maandishi yanaweza kuwa ya yeyote. Sauti ina mwenyewe, na mwenyewe huyo ana ukoo, mtaa na lafudhi vinavyoweza kuulizwa. Kwa maana hiyo mtu anayemkatalia tapeli kwa maandishi na kumwamini ndugu kwa sauti hajaonesha kwamba anapenda kusikia kuliko kusoma. Ameonesha mahali anapoweka uthibitisho.

Programu ya mazungumzo inapopewa sauti ya Kiswahili, yenye umri, jinsia na lafudhi ya Unguja au ya Dar es Salaam, inapokea imani hiyo bila kuwa na ukoo wala mtaa. Teknolojia ya kuiga sauti ya mtu fulani kutokana na sekunde chache za sauti yake tayari ipo, na malighafi yake ni ileile jumbe za sauti zinazozunguka katika makundi ya familia. Mpokeaji wa ile hela akipiga simu na kusikia lafudhi ya mdogo wake, itambidi amuulize jambo ambalo halijawahi kuandikwa popote wala kurekodiwa: jina alilokuwa akiitwa na bibi, au nani aliyeanguka kisimani mwaka ule wa mvua.